Mama Aulizwe

Mwanzoni mwa 1954 Buganda haikuwa na Kabaka wake, yaani mfalme. Gavana Mwingereza wa Uganda, Andrew Cohen, alikuwa amempandisha Mutesa II kwenye ndege tarehe 30 Novemba 1953 na kumpeleka uhamishoni Uingereza, na Baganda wengi waliliona tendo hilo kuwa tusi kwa taifa zima. Ni katika miezi hiyo ya uchungu ambapo Mary Ainsworth, mwanasaikolojia wa miaka 40 aliyezaliwa Marekani na kukulia Kanada, alifika Kampala. Alimfuata mumewe, Leonard, aliyepata nafasi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki pale Chuo cha Makerere. Yeye mwenyewe hakuwa na kazi iliyomngoja.

Muda si mrefu alikuwa akiketi katika sebule za akina mama wa vijiji vilivyo karibu na Kampala, akiwauliza juu ya watoto wao wachanga: wanalala vipi, wanalia lini, wanamfuata nani. Leo maswali hayo yanaonekana ya kawaida. Lakini katika duru za wafuasi wa Sigmund Freud jijini London, alikotoka Ainsworth, kumuuliza mama juu ya mtoto wake hakukuwa jambo la kawaida hata kidogo. Kulikuwa na kijana mmoja wa taaluma hiyo aliyekatazwa kabisa kufanya hivyo, na katazo hilo lilimbadilishia maisha.

Kijana huyo ni John Bowlby. Alizaliwa 1907, mtoto wa daktari wa upasuaji mwenye cheo cha heshima, katika nyumba ambamo watoto walikuwa na ghorofa yao na walezi wao, na mama aliwaona kwa muda mfupi tu kila siku baada ya chai ya jioni. Aliyemlea hasa ni yaya aitwaye Minnie. Bowlby alipokaribia miaka minne, Minnie aliacha kazi akaenda zake. Uzeeni bado aliuzungumzia msiba ule kama mtu aliyefiwa. Kila nikifika hapa nawakumbuka watoto wa Dar es Salaam na Nairobi ambao dada wa kazi huwalea mwaka mzima, kisha siku moja wanaamka na kumkuta hayupo, na hakuna mtu mzima nyumbani anayedhani kuna la kuwaeleza.

Bowlby alisomea udaktari, kisha akajifunza uchanganuzi nafsi, yaani ile tiba ya Freud ya kumfanya mgonjwa azungumze hadi mambo yaliyofichika ndani ya nafsi yake yajitokeze. Mwaka 1938 alipewa mgonjwa wa miaka mitatu, mvulana asiyetulia, na msimamizi wake akawa Melanie Klein, mwanamke mwenye sauti kubwa kuliko wote katika uchanganuzi nafsi wa watoto. Klein aliamini kwamba mtoto huumwa na mapambano yaliyomo ndani yake mwenyewe: hofu zake, hasira zake, picha anazojijengea kichwani juu ya titi jema na titi baya. Yanayotendeka sebuleni hayana uzito huo. Kila siku Bowlby alimwona mama wa yule mvulana akiwa ameketi chumba cha kungojea, mwenye wasiwasi, aliyechoka, asiyeweza kutulia. Alitaka kuzungumza naye. Klein akamkataza. Baada ya miezi mitatu hivi alipewa habari kwamba yule mama amelazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili. Kilichomshangaza zaidi ni kwamba Klein alikereka tu kwa sababu mtoto sasa amekosa mtu wa kumleta kwenye tiba.

Haikuwa London peke yake. Ng'ambo ya Atlantiki kulikuwa na watu waliotoka katika nyumba ya Freud wakiwa wameanza kugombana nayo. Karen Horney, daktari Mjerumani aliyehamia Marekani, alisema kwamba mizizi ya mashaka ya binadamu haiko katika matamanio ya mwili. Iko katika hali ya mtoto kujiona mpweke na dhaifu katika dunia isiyomtakia mema, na hali hiyo huletwa na wazazi na utamaduni wanamoishi. Mwaka 1941 chama cha wachanganuzi nafsi cha New York kilimwondolea haki ya kufundisha, naye akatoka na wafuasi wake wakaanzisha chama chao. Erik Erikson, aliyefundishwa kazi hii na Anna Freud, binti wa Freud mwenyewe, mjini Vienna, alikwenda kwa Wasioux, wenyeji asilia wa Dakota Kusini, ili aone jinsi wanavyolea, na katika kitabu chake cha 1950 aliandika kwamba kazi ya kwanza ya mwanadamu duniani ni kujifunza kuamini. Watu hawa huitwa Wafreudi mamboleo. Walichochangia ni kuutoa mzozo ndani ya kichwa cha mtoto na kuuweka kati ya mtoto na watu wake.

Bowlby alikwenda upande huohuo, ila kwa njia ya takwimu. Katika kliniki ya watoto ya London alikusanya kumbukumbu za watoto 44 walioletwa kwa wizi, akawalinganisha na 44 wengine wenye matatizo lakini wasioiba. Kati ya wale wezi, 14 aliwaona kuwa hawana hisia za kumpenda mtu yeyote. Alipochimba historia zao, 12 kati ya hao 14 walikuwa wametenganishwa na mama kwa muda mrefu walipokuwa wadogo. Katika kundi la wasioiba, waliopata mkasa huo walikuwa 2 tu. Ripoti yake ilitoka 1944, na ingawa idadi ni ndogo na yeye mwenyewe ndiye aliyewapima na kuwapanga, ilimfungulia mlango. Shirika la Afya Duniani likamwomba aandike juu ya watoto walioachwa bila makao na vita. Alisafiri Ufaransa, Uholanzi, Uswidi, Uswisi na Marekani, akaongeza na ya kwao Uingereza, na 1951 ripoti ikatoka. Ilinena juu ya mtoto wa binadamu kwa jumla. Afrika na Asia hazikuwamo katika safari ile.

Wakati huo Ainsworth alikuwa amekwisha kujiunga naye. Alifika London 1950, mke mpya wa Leonard, akaona tangazo la kazi gazetini na kuajiriwa na Bowlby katika kliniki ya Tavistock. Alikuja na shahada ya uzamivu ya Toronto, ambako mwalimu wake William Blatz alikuwa amemfundisha kwamba mtoto huthubutu kuuchungulia ulimwengu pale tu anapojua kuna mtu wa kumrudia. Pale Tavistock alikabidhiwa daftari za James Robertson, Mskoti aliyewahi kuchochea tanuri la maji moto katika vituo vya Anna Freud vya kulelea watoto wakati wa vita. Anna Freud alimtaka kila mfanyakazi, hata yule wa tanuri, aandike kwenye kadi kile alichokiona mtoto akikifanya, na Robertson hakuiacha tabia hiyo. Mwaka 1952 alionyesha filamu yake ya mtoto wa kike wa miaka miwili na miezi mitano aliyelazwa siku nane kwa upasuaji mdogo, wazazi wakiruhusiwa kumwona kwa nadra kama ilivyokuwa sheria ya hospitali zama hizo. Madaktari walioitazama wengi walikasirika. Lakini mwaka 1959 kamati ya serikali ya Uingereza ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao wodini wakati wowote. Ainsworth aliposoma daftari zile aliweka nia: siku akipata utafiti wake mwenyewe, atafanya hivyohivyo. Atakaa, atatazama, ataandika.

Siku hiyo ilimkuta Uganda. Mkurugenzi wa Taasisi, mwanaanthropolojia Audrey Richards, alimpa nafasi, na Ainsworth akampata mkalimani, Bi Katie Kibuka. Jina hili halitajwi sana katika vitabu vya saikolojia, nami naliona ni deni. Ainsworth alikuwa akijifunza Kiganda, lakini mazungumzo marefu yalipita kwa Bi Kibuka. Ndiye aliyejua mama wa Kiganda huulizwaje bila kuvunjiwa heshima, na ndiye aliyesikia kwanza majibu ambayo nadharia nzima ilikuja kujengwa juu yake.

Walizitembelea familia 26 zenye watoto 28 ambao hawajaachishwa kunyonya, kila baada ya wiki mbili, kiasi cha saa mbili kila mara, na kwa baadhi yao hadi miezi tisa. Walikwenda alasiri, wakati ambao mama wa Kiganda amekwisha kutoka shambani na hupokea wageni. Hili nalipa uzito. Kliniki za London zilimwita mama aje na mtoto wake katika chumba cha daktari. Hapa mtaalamu alikuwa mgeni, na mwenye nyumba ni mama.

Swali alilolibeba lilikuwa la kuachishwa ziwa. Alikuwa amesikia kwamba Baganda humpeleka mtoto kwa ndugu kwa siku kadhaa ili asahau kunyonya, akaona hapo kuna jaribio la kimaumbile la ile hoja ya Bowlby juu ya kutenganishwa. Alipofika alikuta familia nyingi zimekwisha kuiacha desturi hiyo. Mtafiti mwingine angefungasha. Yeye alibadilisha swali, akaanza kutazama jinsi mtoto anavyojifunga kwa mtu tangu mwanzo.

Alichokiona kilimpindua. Alipoondoka London hakuwa ameshawishika na mawazo mapya ya Bowlby, aliyekuwa ameanza kusoma kazi za Konrad Lorenz juu ya makinda ya bata bukini yanayokifuata kiumbe cha kwanza yanachokiona. Ainsworth bado aliamini kile kilichofundishwa na Freud na karibu wote wengine, kwamba mtoto humpenda mama kwa kuwa mama humshibisha. Watoto wa Buganda walikataa kuingia katika kanuni hiyo. Aliwaona wakimtofautisha mama kwa tabasamu, kwa kilio cha kumzuia asitoke, kisha kwa kutambaa wakimfuata mlangoni. Aliwaona wakimwacha mama na kwenda kuchunguza viatu vya mgeni, wakigeuka kumtazama, wakirudi kumgusa, kisha wakienda tena mbali zaidi. Wengine walijifunga pia kwa baba, kwa bibi, kwa kaka na dada, watu ambao hawakuwanyonyesha. Mama aliporudi kutoka safari fupi, mtoto wa Kiganda alimpigia makofi ya furaha. Kukumbatiana na kubusiana, ambako Wamarekani hukuhesabu kuwa ndiyo dalili yenyewe ya upendo, hakukuona sana. Mapenzi yalikuwapo tele, na yalijionyesha kwa adabu za pale.

Kisha lile ambalo kwangu ndilo kiini cha historia hii. Ainsworth aliwagawa watoto: wenye mfungamano thabiti, ambao hulia kidogo na huchunguza mambo kwa ujasiri mama akiwa karibu, wenye mfungamano wenye mashaka, ambao hulia sana hata wakiwa mikononi mwa mama, na wachache ambao bado hawakuonyesha kumtofautisha mama na wengine. Akatafuta kinachowatenganisha. Idadi ya walezi nyumbani haikuwa sababu. Muda wa mama pamoja na mtoto ulikuwa na uzito wake, na pia furaha ya mama katika kunyonyesha. Lakini kilichojitokeza wazi ni jinsi mama alivyojibu maswali. Kulikuwa na akina mama ambao, wakiulizwa jambo moja, walitoa kumi: mtoto huyu hapendi kubebwa hivi, kilio hiki ni cha usingizi, jana alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Watoto wa akina mama hao ndio waliokuwa watulivu. Akina mama waliokuwa na machache ya kusema, mara nyingi kwa sababu walikuwa wameelemewa na mashaka yao wenyewe, watoto wao ndio waliolia.

Maelezo ya mama, ambayo Klein aliyaona hayana kazi, yakawa kipimo bora kuliko vyote Ainsworth alivyokwenda navyo. Nasisitiza kwamba jambo hili halikugunduliwa London wala Marekani kisha likaja kuthibitishwa Afrika. Liligunduliwa Buganda, kwa sababu Baganda walimketisha mgeni sebuleni na kumsimulia.

Mwishoni mwa 1955, mwaka uleule Kabaka aliporudi kwa shangwe mwezi Oktoba, Ainsworth na mumewe waliondoka kwenda Baltimore, Marekani. Daftari zake zilikaa kabatini miaka. Alipata kazi Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ambako wahadhiri wanawake walikula katika chumba tofauti na wanaume, ndoa yake ilivunjika, watoto hakupata. Bowlby, kwa upande wake, alichapisha mwaka 1958 makala iliyosema waziwazi kwamba mtoto huzaliwa na haja ya kuwa karibu na mtu wake, haja inayojitegemea, isiyotokana na njaa. Mwaka huohuo Harry Harlow wa Wisconsin alieleza jinsi watoto wa nyani walivyomkumbatia mama bandia wa kitambaa na kumwacha wa waya mwenye chupa ya maziwa. Wachanganuzi nafsi walimjia juu Bowlby. Anna Freud ni mmoja wa walioandika kumpinga. Alichohitaji Bowlby ni ushahidi wa watoto wa binadamu, makwao, siku hadi siku. Ushahidi huo alikuwa nao Ainsworth, na mwaka 1961 aliuwasilisha mbele ya wataalamu walioitwa na Bowlby London. Juzuu ya kwanza ya kitabu kikuu cha Bowlby, iliyotoka 1969, inawataja watoto wa Kiganda tena na tena.

Kitabu cha Ainsworth mwenyewe juu ya Uganda kilichapishwa 1967. Ni mwaka huo Rais Milton Obote alipozifuta falme za Uganda kwa katiba mpya.

Baltimore alirudia kazi ileile kwa fedha zaidi: familia 26 tena, tangu mtoto akiwa na wiki tatu hadi wiki 54, saa nne kila ziara, jumla ya saa 72 hivi kwa kila nyumba. Yeye na mwanafunzi wake Silvia Bell walionyesha kwamba watoto ambao vilio vyao viliitikiwa haraka katika miezi ya kwanza walilia kidogo zaidi mwaka ulipokwisha. Wataalamu wa zama hizo waliaminishwa kwamba kumbeba mtoto anayelia ni kumdekeza, kwa hiyo matokeo haya yaliwagombanisha wengi. Bibi yeyote wa pwani angeshangaa kusikia kuna mzozo.

Lakini kulikuwa na tatizo. Mtoto wa Buganda alilia mama akitoka tu chumbani. Mtoto wa Baltimore, aliyezoea mama kuingia na kutoka katika nyumba kubwa, hakujali. Ili aone kwa Wamarekani kile alichokiona kwa Waganda, Ainsworth na msaidizi wake Barbara Wittig walibuni jaribio: chumba kigeni, vitu vya kuchezea, mtu asiyejulikana, mama anatoka mara mbili na kurudi. Dakika 20 hivi. Wakaliita Hali Ngeni. Kati ya watoto 23 walioingia, 13 walikuwa na mfungamano thabiti, 6 walimkwepa mama aliporudi, na 4 walimng'ang'ania huku wakimkasirikia.

Jaribio hilo ndilo lililoenea duniani. Ni rahisi kufanya, hutoa makundi yenye majina, na halihitaji mtu kukaa kwa mwenyeji saa 72. Ainsworth alisikitika kuona watafiti wakilichukua na kuziacha zile ziara za nyumbani, ambazo kwake ndizo zilizolipa jaribio maana. Namwelewa. Kilichobuniwa ili kufidia upungufu wa Baltimore kikageuka kuwa kipimo cha watoto wa kila mahali, na mama akarudi kuwa mtu wa kutazamwa kupitia kioo.

Afrika Mashariki ilijibu. Katika utafiti uliotoka miaka ya 1980, Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman walilipeleka jaribio kwa Wagusii wa magharibi mwa Kenya, wakalifanya nje ya nyumba ya mama, na wakampima mtoto na mama yake, kisha na omoreri, yaani msichana anayemlea mchana mama akiwa shambani. Wagusii huwasalimu watoto wao kwa kupeana mikono. Basi mtoto mwenye utulivu aliunyoosha mkono wake kumpokea arudiye, na mwenye mashaka akaukwepa mkono au akaukamata na kuusukuma. Wengi walikuwa na mfungamano thabiti kwa mama, na wengi kwa mlezi vilevile. Zaidi ya hapo, utulivu kwa mama uliendana na afya ya mtoto na lishe yake, ambayo ni kazi ya mama. Utulivu kwa omoreri uliendana na ukuaji wa akili, maana yeye ndiye anayecheza naye na kuzungumza naye. Kila mmoja alimjenga mtoto katika jambo alilokabidhiwa. Nadharia iliyomweka mama peke yake katikati haikuwa na nafasi ya kuliandika hilo, ingawa Ainsworth alikuwa amewaona bibi na ndugu wa Buganda miaka mingi kabla. Robert LeVine na Sarah LeVine, walioishi na Wagusii katika miaka ya 1970, waliongeza kwamba mama wa Kigusii humtuliza mtoto wake upesi sana na kulala naye, lakini huzungumza naye machache na hamkazii macho. Kwa mizani ya Marekani angehesabiwa mpungufu, na kwa mizani ya nyumbani kwake ametimiza yote.

Bowlby alifariki 1990, Ainsworth 1999. Mafundisho yao yameingia katika sera. Programu ya Tanzania ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa 2021, inayataja malezi yenye mwitikio kuwa moja ya nguzo zake, na maana yake ni ileile waliyoionyesha akina mama wa Buganda: kuiona ishara ya mtoto, kuielewa, na kuiitikia kwa wakati. Shirika la Afya Duniani, lililomtuma Bowlby Ulaya na Marekani, nalo lina mwongozo uliotayarishwa pamoja na UNICEF ambao wahudumu wa afya hufundishwa kuutumia katika nchi zetu pia. Mwongozo huo hauanzi kwa kumpima mtoto. Mhudumu humwuliza mlezi, awe mama, baba, bibi au mwingine aliyemleta mtoto: wewe hucheza naye vipi, huzungumza naye vipi, humfanya atabasamu vipi? Kisha hutakiwa asikilize kwanza, kabla hajatoa ushauri wowote.